Mistari Miwili ya Milamula

Kahawa iliyoanikwa ikinyeshewa hutoa harufu ya uchachu, na harufu hiyo ndiyo hunirudisha Nyakakika, kijijini kwetu, msimu ule nilipomwonea dada yangu Adela wivu hadi chakula kikanishinda. Yeye alikuwa darasa la saba. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tano baada ya kugombana na mwalimu, na nyumbani hakuna aliyenibembeleza kurudi. Jioni, tukimenya ndizi, Adela alimsomea Mama kitabu cha historia alichoazimwa shuleni, nami nilijifanya sisikilizi huku nikimeza kila neno. Rumi, alisoma, ilianza kama vijiji vichache juu ya vilima. Wakachukua ardhi ya jirani, kisha ya jirani wa jirani, na walioshindwa wakaingizwa jeshini kwenda kuwashinda wengine.

"Na jirani alikuwa anaangalia tu?" nikauliza.

"Kumbe unasikiliza!" Adela akacheka. "Ungebaki shule ungejua."

Maneno hayo yalinichoma. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake cha maharage kibanjani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, na katikati Mama alikuwa amepanda mstari wa milamula, ile miti myembamba ambayo kwetu ndiyo mpaka. Mlamula ukishapandwa, hata watu wazima hawaugusi. Adela alikuwa na kitabu. Mimi nikataka angalau shamba langu lizidi lake. Kila alipokwenda shule nilikata mlamula mmoja karibu na ardhi, nikachomeka fimbo yake hatua tatu ndani ya maharage yake, nikafunika kisiki kwa majani makavu ya migomba. Ndani ya wiki mbili nilikuwa na dola yangu, kama Rumi.

Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Karagwe analijua: mlamula haufi kwa kukatwa. Mvua zilipokolea, fimbo zikashika, na visiki navyo vikachipua. Siku ya kung'oa maharage Mama alisimama kati ya mistari miwili mibichi, mikono kiunoni.

"Haya, mfalme wa Rumi," akaniambia, "mpaka wako ni upi?"

Nilijua nitachapwa, tena kwa haki. Aliyejibu ni Adela, wala hakuinua kichwa: "Mwachie tu, Mama. Mimi naondoka Januari kwenda sekondari, ya nini kwangu?"

Mama akashusha mikono. Heri ningechapwa.

Tangu hapo nimezunguka sana. Nimepakia mikungu ya ndizi Omurushaka, nimechuma kahawa Bugomora, na kitabu chochote cha mambo ya kale ninachokiokota nakisoma hadi jalada. Adela sasa anafundisha historia. Mwaka huu tulikutana nyumbani, tukapita kibanjani pamoja. Mistari yote miwili bado ipo, imetupita urefu, na kati yake Mama bado anapanda maharage. Nikamwuliza Adela kama anaikumbuka ile ardhi niliyomnyang'anya.

Akasimama, akajaribu kukumbuka kwa dhati kabisa.

"Ardhi gani, mdogo wangu?"