Kituo cha Babu Upande wa Kamanyola

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kamembe miaka ya sabini, likizo haikuwa ya kujifungia chumbani na simu. Shule ikifungwa, Maman alinifungia mandazi kwenye kitambaa na kunipandisha lori la kuteremka Bugarama. Tulifika tumejaa vumbi, sote tuna mvi. Kutoka hapo nilivuka daraja la mto Rusizi kwa miguu hadi kwa Babu, baba yake Maman, upande wa Kamanyola, ng'ambo ya mpaka.

Babu alikuwa mchochezi wa garimoshi kwenye reli ya kutoka Uvira. Kazi yake ilikuwa kulisha tanuru kuni. Reli ilikufa kabla sijazaliwa. Wenzake walirudi kwao, yeye akabaki kwenye kituo kidogo pale milima inapoanza, ambapo garimoshi lilikuwa likisimama kunywa maji. Palikuwa na tangi lenye kutu, banda la mabati, kipande cha reli kwenye mteremko, na kitoroli cha mafundi kilichozuiwa kwa jiwe. Hakuna aliyemwambia alinde. Alilinda tu. Kila asubuhi aling'oa majani katikati ya reli, ndipo tunywe chai.

Mfua chuma wa pale kijijini alikuja mara nyingi kuomba.

"Mzee, utupatie hata kipande moja tutengeneze majembe. Treni haitarudia tena."

"Na kama ikirudia?" Babu alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kitoroli tulikatazwa. Lakini mimi na Zaituni, binti wa mjomba, tulikuwa na miaka tisa na masikio ya mapambo. Alasiri moja, Babu akiwa chini kwenye mihogo yake, tuliliondoa lile jiwe, tukapanda. Tulitaka kusafiri kidogo tu.

Kwanza kilikwenda kama mzee anayetoka msikitini. Tukacheka. Kisha upepo ukaanza kunivua kitambaa kichwani, na Zaituni akaacha kucheka. Chini reli iliishia kwenye korongo; daraja lilishaondolewa.

Babu alitusikia. Alitupa jembe akaja katikati ya reli, mikono mbele.

"Mushike ule muti! Muuvute kwenu! Muvute!"

Nikauona mti wa breki ubavuni. Nikauvuta kwa uzito wangu wote, Zaituni akaning'ang'ania kiunoni. Ubao ulisaga gurudumu, ukanuka kuungua. Mwendo ukapungua, lakini hatukusimama. Babu akakipokea kitoroli kwa kifua, akakisukuma, visigino vyake vikilima kokoto. Kiliposimama, korongo lilikuwa hatua chache nyuma yake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya gurudumu.

Hakutupiga. Tulikirudisha kitoroli nyuma kidogo, akautoa mguu, akakaa kwenye reli akihema, akatuita tumguse mabegani, mmoja huku na mwingine huku, kama anayetuhesabu.

Kesho yake, akiwa kitandani, alimtuma jirani amwite mfua chuma.

"Uchukue vyote. Na kitoroli pia."

Yule bwana alishangaa. "Mzee, siku zote ulikataa."

"Mutoto ni wa maana kupita chuma," Babu alisema, akageukia ukuta.

Likizo iliyofuata nilikuta maharagwe pale palipokuwa reli, na Babu akichechemea kwa fimbo. Maman, aliyenisindikiza safari hiyo, alipomuuliza juu ya mguu, alisema aliteleza shambani. Nilikuwa nimekaa pale pale. Hakunitazama hata.

Leo wajukuu wangu wanafika Kamanyola kwa pikipiki kabla chai haijapoa. Nikiwatajia garimoshi, wanapekua simu na kuniambia mimi bibi yao, "Koko, hapa hakuna reli." Siwabishii. Wanajua mengi kutuzidi, na magoti yao hayana makovu. Ila nawatazama wakigombea chaja, na mimi mwenyewe najiuliza: ni nani kati yetu siku hizi angengoja kitu kwa miaka yote ile, kisha akitoe asubuhi moja kwa ajili ya watoto wawili watundu, na asiwakumbushe kamwe?