Kioo Ambacho Sikukifuta

Dada yangu aliandika neno moja, kisha akafungiwa shimoni akiwa hai.

Neno hilo halikutumwa. Nililisoma kesho yake, kwenye mafuta.

Niwape mambo kwa mpangilio.

Mimi ni fundi simu. Dada ni fundi cherehani. Mwaka jana vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilivunjika. Alisema ni mlango. Vilikuwa vimevunjika kwenye mstari mmoja, na mlango unaweza kufanya hivyo. Nikakubali.

Vilipona vikiwa vimekakamaa. Kugonga herufi moja moja kulimshinda, nikamfundisha kuandika kwa kuburuta: unaweka kidole gumba kwenye herufi ya kwanza, unakiteleza hadi ya mwisho bila kukiinua, simu inaunda neno yenyewe.

"Kumbe ni kama kushona," akasema. "Ukiinua tu, umeharibu."

Tangu hapo kioo cha simu yake hakikukosa mistari mirefu ya mafuta ya cherehani.

Jumamosi asubuhi nikapata ujumbe kutoka namba yake: "Nimepata mwanamume mwingine. Msinitafute."

Saa nne mumewe akaingia dukani na simu ileile mkononi.

"Shemeji, dada yako kanivua nguo mbele za watu. Kaacha simu mezani, kaenda zake. Ifute yote, kama ulivyonifutia ile ya zamani. Sitaki kuona hata picha."

"Pole, shemeji. Lete."

Nina mazoea ya kazi. Simu ikifika kaunta, kabla ya lolote nasugua kioo kwa spiriti. Siku hiyo chupa ilikuwa tupu. Nikaiinamisha tu chini ya taa, nitazame kama ina ufa.

Kwenye eneo la herufi kulikuwa na nukta. Nyingi, nene, za mtu anayegonga.

Dada hagongi.

Chini ya nukta kulikuwa na mstari mmoja mbichi. Mafuta, yamechanganyika na damu.

Nikafungua kibodi. Nikapitisha kidole juu ya mstari ule, kona kwa kona, bila kukiinua. Simu ikaandika: *tangi*.

Nyuma ya nyumba yao kuna tangi la maji la chini ya ardhi. Lilipasuka miaka iliyopita, likaachwa kavu.

"Nimesema ufute, wewe unaandika nini?"

"Ujumbe wa asubuhi umeuandika wewe, shemeji."

Akacheka. Kisha akachukua bisibisi kwenye trei yangu, akaipigilia kwenye kiganja changu cha kushoto hadi ikagusa mbao.

"Ukoo wenu hamfundishiki," akaninong'oneza. "Vitatu nilivivunja kwa nyundo, na bado aliandika."

Basi haukuwa mlango.

Mkono wa kulia ulikuwa huru, na kifaa changu cha kuchomelea waya kilikuwa kimewashwa. Nyuzi joto mia tatu na hamsini. Nikakibandika shavuni mwake na sikukiondoa. Ngozi ilinata. Alipiga yowe, akaanguka na kabati la vioo, vioo vikamwingia mgongoni.

Nikaing'oa bisibisi. Fundi viatu wa jirani alikuwa tayari mlangoni na nyundo yake.

"Fundi, nani kaanza?"

"Mkalie. Akijaribu kuinuka, mpige goti."

"La kulia au la kushoto?"

"Usichague."

Nikawapigia polisi huku nakimbilia kwao, kwenye tangi.

Juu ya mfuniko wa zege kulikuwa na magunia matatu ya mchanga. Niliyavuta kwa mkono mmoja, mfuniko nikausukuma kwa bega.

Dada alikuwa chini. Taya limevunjika, uso umevimba, lakini anapumua. Asingeweza kuita hata angetaka. Aliinua kidole gumba kilichochubuka, akaelekeza chini yake.

Alikuwa amelalia mzigo uliofungwa kwa pazia kuukuu.

Polisi waliufungua. Mifupa, na pete.

Nilidhani dada alikuwa akiniambia mahali atakapotupwa. Hapana. Ijumaa mchana aliinua mfuniko ule atafute mahali pa kuweka vitambaa chakavu. Zege likamchubua kidole. Akaona pazia na kilichochomoza ndani yake, akashika simu. Nyundo ilimpata akiwa kwenye neno la kwanza.

Yule wa kwenye pazia alikuwa mke wa kwanza wa shemeji. Miaka mitatu iliyopita tuliambiwa alikimbia na mwanamume mwingine, akaacha simu mezani.

"Ile ya zamani."

Niliipokea mimi. Nilimimina spiriti, nikasugua kioo hadi kikang'aa, nikafuta kila kitu. Ilinichukua dakika kumi na moja. Dada alikuwa dukani siku hiyo, kaniletea shati. Mteja alipokuwa akisubiri, ndipo walipofahamiana.

Kwa hiyo msinipongeze.

Mkisikia mwanamke katoroka, na anayeleta habari ndiye kashika simu yake, msifute kitu. Tazameni kwanza.

Siku hizi chupa ya spiriti naiweka rafu ya juu kabisa. Lazima nipande kiti kuifikia. Muda wa kupanda unatosha kutazama.