Gari la Utafiti

Chuoni kwetu hapa Mpanda, ukimuuliza profesa kwa nini anaomba fedha za utafiti kwa wafadhili wa nje, atakaza uso na kukwambia anapanua mipaka ya maarifa. Mwongo mkubwa. Mmoja anatafuta cheo, mwingine anatafuta safari ya ndege. Mimi nilitaka gari, basi. Mama yangu anaishi Mwese, na tangu pikipiki iniangushe kwenye ile milima nilikuwa namsikia kwa simu tu. Nilimkumbuka mpaka nikawa nakosa raha.

Mradi ukipata fedha hupata na gari. Kwa hiyo niliandika kurasa nyingi kuhusu wazee wa Mwese na mabadiliko ya tabianchi, jambo ambalo hadi siku hiyo halikuwahi kuninyima usingizi. Wafadhili walijibu kwamba wameguswa na mapenzi yangu kwa eneo lile. Hapo hawakukosea.

Gari lilikuja jeupe, refu, nikaliosha mwenyewe. Kisha ikaja kanuni: mtafiti haruhusiwi kuhoji watu mahali alipo na ndugu, asije akaharibu majibu. Mwenzangu wa idara, asiyejua hata Mwese iko upande gani, akapewa Mwese. Mimi nikapewa Sibwesa. Na kwa kuwa barabara ya Mwese ndiyo mbovu zaidi, gari likaenda naye. Mimi, mkuu wa mradi, nilikwenda Sibwesa juu ya lori la mahindi.

Kila mwenzangu alipotoka Mwese alirudi amenenepa.

"Kaka, mama yako anajua kupika!" aliniambia ofisini. "Halafu anajibu kila swali, hachoki. Nimemuuliza watoto wanaokuja kumwona ni wangapi. Kasema mmoja, akanishika bega."

Alicheka. Mimi nilitamani kumrushia kiti. Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kupanda pikipiki ya kukodi hadi Mwese, nikafumba macho kwenye kila mteremko, nikiwa na wivu wa kitoto, mimi mtu mzima mwenye shahada tatu.

Mama alinipokea kwa vigelegele. Alinikumbatia, akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga, akaniambia nimekonda. Kisha akasogea pembeni kidogo, akachungulia barabara nyuma yangu.

"Na mwenzio yuko wapi?" aliuliza. "Nimemwekea kuku."