Anayezilisha Chembe za Mwanangu

Mwaka wa themanini na sita madaktari walimkata mwanangu Mwanabibi uvimbe, wakauweka hai chupani bila kuniuliza. Yeye nimemzika. Anayezilisha chembe hai za uvimbe huo, yaani seli zake, ni bwana mmoja wa maabara, hapa Kilifi. Hunawa mpaka viwikoni, huinua chupa kwenye mwanga, huiinamisha polepole kama anayembeleza mtoto. Nilipomwendea, chupa ikiwa mkononi mwake, alifurahi.

“Karibu mama! Tumezitia kipokezi, yaani mlango unaopokea amri ya kukua, na kila zikizaana, vizazi vyake huzaliwa nao. Sasa tunatafuta dawa ya kuufunga, uvimbe kama huu usikue kwa wagonjwa.”

“Na kwangu, baba, uliingiaje bila hodi?”

Akairudisha chupa kabatini, akafunga mlango taratibu, kana kwamba ndani kuna aliyelala. Hodi hiyo bado naidai, kwake na kwa daktari aliyekata.