Sura ya Mwisho kwenye Meza ya Kukatia

Mdogo wangu haandiki kwenye daftari. Anasema daftari linamfanya aandike kwa adabu. Yeye huandika kwenye karatasi ya kaki, ile pana tunayochorea vipimo kabla ya kugusa kitambaa, akiwa amesimama mbele ya meza ya kukatia katika duka langu la ushonaji, penseli moja mkononi na nyingine sikioni. Wateja wanamwita Mwandishi, wachache kwa heshima, wengi kwa utani, naye huwaitikia wote.

Ana kiherehere cha kuuliza. Mteja amekuja kupunguza kiuno, amejaa pini mwilini, hana pa kukimbilia, ndipo anapomvaa: "Samahani mama, ukimdanganya mzee nyumbani, mikono yako huwa inafanya nini?" Mwalimu mkuu mmoja alicheka mpaka pini ikamchoma, kisha akafikiri, akajibu kwamba hukunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Nilimwonya mdogo wangu kwamba atatufukuzia watu. Lakini wanarudi, tena wengine huja na majibu ya maswali ya wiki iliyopita.

Miaka tisa alipeleka hadithi kwa wachapishaji, zikarudi bila neno. Kisha wiki moja akapigiwa simu. Kitabu wamekipenda, ila mwisho umelegea. Alete sura mpya ya mwisho Jumatatu, akikosa, nafasi anapewa mwingine. Alikuwa ameshaiandika mara kumi na moja. Mimi nilichojua ni kwamba kuna mwanamke amesimama nje ya mlango na mwandishi wake hajui amfanye nini.

"Si abishe hodi tu, yaishe?" nilimwambia.

"Dada, kubisha ni rahisi. Kazi iko kwa anayefungua."

Alhamisi jioni alimaliza ya kumi na mbili, akaviringisha karatasi, akaiweka juu ya kabati pamoja na karatasi zangu. Za kwangu, hebu fikiria! Ijumaa asubuhi nilitaka kutoa kipimo cha gauni la mwalimu mkuu. Nikavuta karatasi ya kwanza niliyoishika, upande wa juu haukuwa na kitu, nikachora, nikakata. Mabaki nikafagia, gari la taka likapita likayachukua. Niligeuza karatasi ya mkono wa kushoto wa gauni ndipo nikakuta mwandiko wake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alipoingia nikamwambia papo hapo, maana maji yameshamwagika. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akauliza, "Yote?" Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyounguza suti ya hakimu kwa pasi.

Nikatandaza vipande vya karatasi vilivyobaki: mikono miwili, kola, nusu ya mgongo. Nikaanza kusoma, na nakiri sikuwahi kusoma kazi yake hata siku moja. Mwanamke wa hadithi amerudi kwa dada yake baada ya miaka saba ya kimya. Yuko nje, anasikia maji yakimiminwa ndani. Anainua mkono abishe, na hapo ndipo mkasi wangu ulipopita.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini?"

"Alifunguliwa?"

"Alifunguliwa. Wakakumbatiana, wakalia."

"Uongo mtupu! Dada gani huyo? Miaka saba, halafu anakumbatia tu?"

Akanigeukia. "Angefanya nini?"

"Angesema, 'Umekonda.' Kisha angekimbilia jikoni kama vile kuna kitu kinaungua."

"Kipo kinachoungua?"

"Hakuna hata moto. Anaficha uso."

Penseli ilikuwa imeshaanza kukimbia. Ndipo nikatambua tunamsema nani. Mdogo wangu naye aliondoka nyumbani, akakaa miaka saba. Asiyekuwepo na lake halipo, tulikuwa tumeshazoea. Siku aliyorudi nilimwambia amekonda, nikamtandikia kitanda, na kesho yake nikampa shati alishone vifungo. Sikumuuliza kitu. Majirani walinisifu kwamba nina moyo mkubwa.

"Kwa nini hakumuuliza alikokuwa?" akasema bila kuinua macho. "Huyo dada."

"Aliogopa jibu."

"Jibu gani?"

"Kwamba huko kulikuwa kuzuri kuliko nyumbani, na ataondoka tena." Nikanyoosha mkono kuizuia penseli. "Hilo usiandike."

Alikuwa ameshaandika. Akaweka penseli mezani. "Nilifute?"

Nilitaka kusema ndiyo. Niliona haya, mtu mzima mimi, kuvuliwa nguo kwenye karatasi ya dukani kwangu. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na mwisho wa kitabu ndio huo, hata mimi wa sindano na uzi niliuona. Nikamwambia aliache.

Sura ilifika Jumatatu asubuhi, ikakubaliwa. Kitabuni dada huyo hamuulizi mwenzake chochote. Anamimina maji kwenye sufuria, na hadithi inaishia hapo. Mdogo wangu anasema ndivyo inavyotakiwa, na mimi sibishani naye kwa kazi yake.

Ila mimi Ijumaa ile niligeuza kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefunga", nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikamuuliza, "Mdogo wangu, ulikuwa wapi?" Akaanza na asubuhi aliyoondoka. Nilimkatiza kwa maswali mara kumi kabla hajafika jioni ya siku hiyo.