Neno Lililomponza Asifiwe

Mwalimu Didas alisoma seminari miaka sita kabla ya kuacha safari ya upadri na kwenda kufundisha Kiingereza. Kilatini hakikumtoka. Hata baada ya kustaafu na kuhamia Madale, alipenda maneno ya Kiingereza yenye asili ya Kilatini, hasa yale ya kale ambayo hakuna anayeyatumia tena. Aliyatoa kwenye kamusi kuukuu, akayanakili daftarini, akawa anayatamka peke yake akinyoa ndevu.

Asifiwe, mwanafunzi wake wa zamani, alipomwomba barua ya kumpendekeza kwa kazi ya ualimu kwenye shule moja ya binafsi huko Tegeta, alifurahi mno. Alichagua maneno siku mbili nzima. Akamwita "egregious": kwa Kilatini, aliyetoka nje ya kundi, kwa Kiingereza cha kale, mtu bora kuliko wenzake.

Wiki iliyofuata Asifiwe alisimama mlangoni, macho yamemvimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Vipi tena?"

"Mwalimu, mie nimekukosea nini? Mkuu wa shule kanisomea barua mbele ya watu. Anasema umeandika mimi ni mwalimu mbovu wa kupindukia."

Didas alikimbilia kamusi. "Soma hapa. Bora! Mashuhuri!"

Asifiwe akasoma, kisha akaweka kidole kwenye alama ndogo kando ya maana hiyo, ya kuonyesha kwamba haitumiki tena. "Wao wanaijua hii nyingine tu, ya ubaya. Na wewe hii alama uliiona, Mwalimu."

Aliiona. Aliiona wakati anaandika, lakini neno lilimnogea, akaliacha.

Kesho yake asubuhi alivaa koti lake la kanisani akaenda Tegeta, kamusi kwapani. Mkuu wa shule alimsikiliza kwa adabu, akacheka kidogo.

"Mzee wangu, nimekuelewa. Lakini nafasi tumeshampa mtu."

Miezi minne baadaye Asifiwe alipata kazi Mbezi Luis, kwa barua iliyoandikwa na mtu mwingine. Didas alipewa habari hizo na mama yake Asifiwe, nje ya kanisa. Binti mwenyewe alikuwa hatua chache pembeni. Alimwamkia kwa heshima zote, akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Didas alikuwa ametunga maneno ya kuomba radhi, ya Kiswahili chepesi kabisa. Alibaki nayo mdomoni.