Mbrazili Mwenye Lebo Kumi na Moja

Mbrazili alinipandisha juu ya kreti la soda, hapo Guangzhou, mbele ya Waswahili arobaini na Wachina wasiopungua mia mbili, akaniamuru nijizomee mwenyewe.

Kwa Kiswahili.

Nikajizomea. Tena kwa sauti.

Cheka tu, lakini ngoja nikupe mkanda mzima.

Ilikuwa Aprili 1998. Naitwa Kassian, wa Temeke. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Kitu alichonipa Mungu bila kipimo ni kumbukumbu. Ukinikosea leo, miaka kumi baadaye nakutajia tarehe, saa, na shati ulilovaa.

Mfano. Tarehe 12 Februari 1997, saa nne asubuhi, nilipakia marobota sitini ya mashati kwenye kiwanda kimoja cha mtaa wa Kangle, hapo Guangzhou. Nikafunguliwa robota la juu, safi kabisa. Kufika Dar, ya chini yote yana mkono mmoja.

Mkono mmoja, ndugu zangu. Unamuuzia nani?

Ndio ulikuwa utaratibu wa pale. Laoban, yaani tajiri mwenye kiwanda, anakufungulia la juu tu. Ukinyoosha kidole kwa la chini anakujibu mei you, hakuna, toka nje. Na sisi tulivyo wapole, tunapakia na kumwachia Mungu.

Mimi sikumwachia. Mwaka uliofuata nilirudi Guangzhou nikazunguka hoteli za Xiaobei chumba kwa chumba, kwa Watanzania, Wakenya, Wakongo. Nikawaambia hapakiwi mzigo pale mpaka tufungue robota lolote tunalotaka.

Wiki tatu hakupakia mtu. Na mimi nilikuwa na mzigo wangu mle ndani, jezi mia nne za Brazil, Kombe la Dunia liko mlangoni. Nikazigomea na zenyewe.

Laoban Liang akachoka na sura yangu. Hakuwa mtu wa hasira, alikuwa mtu wa mpira. Timu ya kiwanda chake ilijaa wachezaji waliostaafu ligi, amewapa kazi ya kuhesabu vifungo. Akacheka, akasema tucheze Jumapili. Tukishinda, tufungue mpaka robota la mwisho. Tukifungwa, nifunge mdomo, watu wapakie kama zamani.

Nikakubali. Mdomo huu, jamani.

Mabeki tulikuwa nao. Mbele tulikuwa na Rahim, Mzanzibari wa kununua nguo soko la Shahe, mwenye mbio za kukimbia deni. Katikati hapakuwa na mtu.

Alhamisi, Rahim akaniletea jibaba lenye kipara na kitambi kinachoanza.

"Yakhe, kiungo huyu. Mbrazili. Tuko naye ghorofa moja pale hotelini. Klabu ya hapa mjini imemwacha, anangoja tiketi ya kurudi kwao."

Jamaa aliitwa Valdir. Akanipa mkono, akaniangalia kwa muda mrefu kidogo, akatabasamu. Halafu akatoa daftari nene lenye picha na vipande vya magazeti. Ureno. Ugiriki. Uturuki. Bolivia. Nilifika ukurasa wa nne nikalifunga.

Nikauliza nchi ngapi kwa jumla. Akaonyesha vidole kumi, akaongeza kimoja.

Kesi ikaishia hapo.

Maana sisi wafanyabiashara tuna kipimo chetu. Nguo halisi ina lebo moja. Ukiona shingoni imeshonwa lebo juu ya lebo, ujue imezungushwa, hakuna anayeitaka. Mtu wa nchi kumi na moja? Feki huyo, nikasema, tena mbele yake.

Halafu Wabrazili nawajua. Mwaka 1986, Temeke, tajiri mmoja alituletea Mbrazili wa uongo kwenye timu ya mtaa. Nilimtoa uwanjani mimi mwenyewe, kwa kelele tu.

Rahim akanung'unika. Bimkubwa, mama wa Kiunguja aliyekuwa na mgahawa Xiaobei na ndiye aliyekuwa akitulisha, akaniambia nimetazama haraka. Nikawajibu kwamba mimi ndiye kocha. Valdir nikamweka benchi, alinde nguo zetu.

Jumapili, saa kumi jioni. Mapumziko tumeshapigwa mbili bila.

Na hizo mbili ni kwa huruma yao. Wale wazee wa vifungo walikuwa wakipasiana katikati kama wako sebuleni. Laoban Liang alinipungia mkono, akaweka kidole kwenye midomo yake. Nyamaza. Nikawaza yale mashati.

Bimkubwa akanijia na birika la chai.

"Kassian, mwingize yule mtu. Au vua suruali uingie wewe."

Nikamfuata Valdir. Kiingereza changu na chake vyote vilikuwa vya kuokoteza, lakini neno *please* nalijua. Nikalisema. Hakuinua kichwa, alikuwa anafunga kamba za viatu.

Halafu akasema, taratibu:

"Huyu feki. Rudisha dukani."

Kiswahili. Lafudhi ya Temeke, hajakosea hata herufi.

Maneno yale niliyatunga mimi, Juni 1986, uwanja mzima ukaitikia.

Valdir akafungua daftari lake, siyo mbele. Ukurasa wa mwisho. Picha ya uwanja wa vumbi, mchezaji anatoka akichechemea. Nyuma yake kijana kasimama juu ya kreti la soda, mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka.

Kijana ni mimi.

Chini ameandika kwa Kireno, akanitafsiria kwa vidole na Kiingereza cha tabu. Dar es Salaam. Mechi moja, dakika arobaini. Begi lilibaki Maputo. Viatu vya kuazima kwa kipa, namba arobaini.

Akainua mguu wake. Arobaini na tatu.

Alinijua tangu Alhamisi. Nchi zote hizo amezomewa, akasema, lakini sauti yangu hajawahi kuisahau.

Na mimi, mwenye kumbukumbu ya tarehe na mashati, nilikuwa sikumbuki hata sura.

"Imba," akasema. "Weka jina lako."

Nikageuka kutafuta msaada. Bimkubwa alikuwa tayari ameshatua kreti tupu miguuni pangu. Rahim anaangalia mawingu. Walijua wote, wanafiki wakubwa.

Nikapanda. Nikaimba, Kassian feki, rudisha dukani. Waswahili wakaitikia kwa moyo ambao sijawahi kuuona kwenye mgomo wangu hata siku moja. Wachina wakaupata kiitikio mara ya tatu.

Ndipo Valdir akaingia.

Hakukimbia. Yule mtu alikuwa anatembea, mpira ndio unakimbia. Anatazama kushoto, mpira unakwenda kulia, na Rahim yuko hukohuko. Moja. Mbili. Ya tatu Rahim alifunga kwa goti, akiwa amefumba macho. Filimbi ikalia.

Laoban Liang alitimiza neno. Jumatatu tulifungua marobota ya watu wote, mpaka la mwisho, na kuanzia siku hiyo pale kiwandani mteja ndiye anayechagua lipi lifunguliwe.

La mwisho kufunguliwa lilikuwa langu.

Valdir akachomoa jezi moja ya njano kutoka chini kabisa. Akavuta uzi, akaomba kiberiti, akauchoma, akanusa moshi kama sisi tunavyopima vitambaa.

"Feki," akasema.

Watu walianguka chini kwa kicheko. Bimkubwa akajifuta machozi, akaniambia, "Kassian mwanangu, wiki tatu unagombana na Wachina kwa kukufungulia robota la juu tu. Daftari la mwenzio wewe ulifungua kurasa za wapi?"

Nikainama kukunja jezi zangu.

Valdir akaivaa ile jezi. Ilimbana tumboni. Akaniambia amechezea klabu za nchi kumi na moja, ila hii ya taifa lao hakuwahi kuitwa kuichezea. Akaomba nimtafutie namba nane. Jezi hiyo ndiyo aliyopandia ndege.

Matajiri nitaendelea kuwasema mpaka nizikwe, na tarehe zao ninazo. Lakini siku hizi, kabla sijamzomea mtu, naomba kwanza daftari lake.

Na huwa naanzia nyuma.